Usiinue Kidole

Bi Taipu aliolewa akiwa na miaka sitini na sita, na harusi yake ilipigwa picha elfu moja mia mbili na kumi na nne. Katika hizo zote, mbili tu ndizo zilizomnyima usingizi.

Ya kwanza alikuwa ameachama mbele ya kijiko cha keki, mdomo wazi kama mlango wa ghala, na mtu mwenye macho mazuri angeweza kuhesabu magego yaliyobaki pamoja na viwanja vya yale yaliyohama. Ya pili alikuwa amelala. Kaka yake alisimama kutoa nasaha, nasaha zikala saa nzima, na bibi harusi akasinzia kitini, kilemba kikamshukia hadi kwenye nyusi, udenda ukaanza safari kuelekea kwenye mkufu.

Aliyezipiga ni mkwewe, mume wa binti yake, mwenye studio. Sasa mkwe humgombezi kama mtoto uliyemzaa. Ukimwambia "futa ile," atainama, atasema "sawa mama" kwa adabu zote, kisha atamsimulia mkewe, mkewe atacheka mpaka ashike ukuta, na kabla jua halijazama ukoo mzima wanaulizana umeachamaje.

Halafu kulikuwa na bwana harusi. Fundi Bomba alikuwa na miaka sabini na moja, alitengeneza mabomba ya watu maisha yake yote, na hakuwahi kuoa hadi mwezi ule. Wenzake walimwita kapera mpaka jina likaota kutu. Basi alipooa, alimtangazia kinyozi, akamtangazia muuza magazeti, akawatangazia hata watu aliowakuta wamepanga foleni ya kitu kingine, kwamba picha zake ni elfu moja mia mbili na kumi na nne na zote zinaingia kwenye albamu. Albamu sita.

"Hata moja isiachwe," alimwambia mpigapicha. "Nimengoja miaka sabini. Mimi sibakizi kitu sahanini."

Picha zilikuwa ziende kwa mchapaji siku ya Alhamisi, adhuhuri. Alhamisi asubuhi binti yake Bi Taipu akaamka na jino, shavu limevimba kama ameficha andazi, akawa analalamika kwamba hana wa kumwachia studio. Bi Taipu akajitolea upesi mno.

"Nenda mwanangu, jino halingoji. Mimi nitakaa."

"Mama, usiguse kompyuta."

"Mimi? Niguse kompyuta, nimelogwa?"

"Nakujua. Na mume wangu ameondoka na kipanya."

"Si basi. Bila kipanya nitaigusia nini, ulimi?"

Binti akamtazama kwa jicho moja, maana la pili lilikuwa linalia kwa maumivu, akaenda zake. Akasahau simu yake mezani.

Habari ya kipanya ilikuwa hivi. Wenye maduka hutembea na funguo. Mkwewe Bi Taipu alitembea na kipanya cha kompyuta mfukoni, waya umening'inia nje kama mkia wa kweli. Sababu ni ile programu ya kupangia mafaili. Ilikuwa na kichaa. Mafolda yalikaa upande wa kushoto, picha upande wa kulia. Ukichagua picha ukabonyeza kitufe cha Futa, swali linatokea: una uhakika? Mpaka hapo ni ustaarabu. Lakini programu haikungoja ujibu. Ulipoinua tu kidole, yenyewe ilihesabu kwamba umesema ndiyo. Na kibaya zaidi, ukishafuta picha moja, ile alama ya buluu ilikuwa inaruka kimyakimya kutoka kwenye picha na kwenda kukaa juu ya folda zima. Ukibonyeza mara ya pili bila kutazama, unafuta ukoo badala ya mtu. Mkwewe alikuwa akiapa kila wiki kwamba ataing'oa, na kila wiki akiiacha, kwa kuwa picha zake za miaka tisa zilikuwa zimepangwa humo.

Kwa hiyo pale studio kufuta kulikuwa kazi ya watu wawili. Mmoja anabonyeza Futa na kusoma kwa sauti jina lililotokea, huku kidole kikiwa kimekandamiza. Mwingine ameshika kipanya, kishale chake kinangoja juu ya neno HAPANA kama kipa golini, maana swali likishatokea vitufe vingine vyote vinakuwa viziwi. Jina likiwa silo, kipa anabonyeza, roho zinashuka. Juu ya skrini palibandikwa karatasi kwa mwandiko wa binti: UKIBONYEZA USIINUE KIDOLE KABLA YA KUSOMA. UKIINUA UMEKUBALI.

Bi Taipu aliisoma karatasi ile yote, akaguna. Alikuwa amepiga taipu ofisini miaka thelathini na moja, na mabosi sita walistaafu wakamwacha kwenye kiti kilekile. Kwake yeye kipanya kilikuwa gongo la vipofu. Vitufe vya mishale vilikuwepo, vidole kumi vilikuwepo. Akavuta kiti, akanyoosha mgongo, akateremka kwa mishale mpaka folda lililoandikwa HARUSI YA MAMA, akaingia ndani, akaipata picha ya kuachama.

Akabonyeza Futa. Akasoma kwa sauti, kama inavyotakiwa: "Picha moja." Akainua kidole. Picha ikayeyuka.

Utamu ulioje! Kama amekamua jipu. Mtu mwenye akili angeishia hapo kwanza, anywe maji, amshukuru Mungu. Lakini Bi Taipu aliiona ile ya kulala hapo hapo jirani, kilemba kwenye nyusi, na mkono ukawa mwepesi kuliko jicho. Akabonyeza.

Swali likatokea. UNAFUTA FOLDA: HARUSI YA MAMA. VITU 1,213. NDIYO. HAPANA.

"Uwii," alisema Bi Taipu. Na kidole hakukiinua.

Alikaa hivyo kama mtu aliyekanyaga nyoka kichwani: mguu ukibaki ni taabu, ukitoka ni msiba. Kadi za kamera zilikuwa zimefutwa alfajiri ile ile kwa ajili ya mahafali ya shule moja ya upande wa pili wa mji, ambako mkwewe alikuwa anapiga picha na kipanya chake mfukoni. Picha za harusi hazikuwa mahali pengine popote duniani. Na mzigo wote, bibi na bwana, keki na kwaya, ulikuwa umening'inia kwenye kidole cha shahada cha mkono wake wa kulia, ambacho kina baridi yabisi.

Akatazama chini ya meza kama pana waya wa kuchomoa. Kompyuta na betri yake ya akiba vilikuwa ndani ya kizimba cha nondo chenye kufuli, kwa ajili ya wezi. Funguo aliondoka nazo mwenye kipanya.

"Hodi!" Mlangoni aliingia bwana mmoja mwenye kipara. "Nimefuata picha zangu ndogo, za pasipoti."

"Karibu baba. Bahasha ziko kwenye rafu hapo. Jihudumie."

Yule bwana akashangaa kidogo. "Huwezi kuinuka, mama?"

"Kidole kimelala. Sitaki kukiamsha."

Bwana akapekuapekua, akatoa bahasha moja, akaitazama, akaigeuza. "Hivi huyu ndiye mimi?"

"Wewe una kipara?"

"Ninacho."

"Wa kwenye picha anacho?"

"Anacho."

"Basi unabisha nini? Nenda, safari njema."

Akaenda. Bahasha ya kipara cha pili ilibaki kwenye rafu, na hiyo ni kesi ya watu wengine.

Nusu saa ikapita. Kidole kikaanza kutetemeka. Bi Taipu akakumbuka ufundi wa zamani, jinsi mtu wa taipu anavyokabidhi kitufe kutoka kidole hadi kidole bila herufi kupumua; akateleza cha kati pembeni mwa cha shahada, akakandamiza, akatoa cha shahada pole pole. Kikatoka kimepinda kama ndoano. Kisha pua ikaanza kumwasha. Kisha, kwa kuwa shida hupenda kutembea na wenzake, akakumbuka kwamba asubuhi alikunywa vikombe vitatu vya chai.

Msusi wa saluni ya jirani akachungulia. Huyu alikuja studio kila siku kuazima kitu: leo kioo, kesho mkasi, keshokutwa umbeya.

"Shoga, niazime ule mkasi... Mbona umekaa kama unapimwa presha?"

Bi Taipu akaona hana namna. Akamweleza yote. Msusi akasikiliza, kitana kimechomekwa kwenye nywele, macho yakamtoka.

"Sasa tuchomoe huu waya wa vitufe."

"Koma! Waya ukichomoka kuna tofauti gani na kidole kuinuka?"

"Basi nilete gundi yangu ya nywele. Tukibandike kitufe kilale chini moja kwa moja."

"Na kidole changu?"

"Kinabaki humo humo. Si unacho kingine?"

"Toka hapa! Mpigie mkwe wangu simu. Yangu iko kwenye mkoba, pale kwenye msumari."

Msusi akapiga. Simu ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena, mkwe wa watu yuko kwenye mahafali, anapanga watoto mia tatu kwa urefu. Akampigia binti, simu ikalia pale pale mezani mbele yao, wakaitazama wote wawili kwa chuki. Hapo hapo ya Bi Taipu nayo ikaita. Msusi akaipokea, akaifungulia sauti.

"Mke wangu kipenzi!" Ilikuwa sauti ya Fundi Bomba, anahema kama mtu anayepanda ngazi. "Nimekuja kuziona zote kabla hazijaenda kuchapwa. Niko mlangoni."

"Mlango upi?" aliuliza Bi Taipu.

"Huu," alijibu Fundi Bomba, akaingia na simu sikioni.

Alikuwa amevaa miwani mbili, moja machoni na moja kichwani ya akiba. Akavuta kigoda cha wateja, akakaa mbele ya skrini kama mtu aliyelipia kiti cha mbele. Akasoma yale maandishi. Akavua miwani, akavaa ya pili, akasoma tena.

"Vitu elfu moja mia mbili na kumi na tatu," alisema taratibu. "Zilikuwa kumi na nne."

Bi Taipu alikuwa na uwongo wa aina tatu tayari mdomoni. Angeweza kusema paka. Angeweza kusema yule wa kipara. Lakini alimtazama mzee wa watu, shingo imekwaruzwa wembe kwa sababu alikuwa amenyoa kuja kutazama picha tu, na uwongo wote ukakauka.

"Moja nimeifuta mimi. Nilikuwa nimeachama. Nikataka kufuta nyingine, ndiyo ikanasa hivi. Nikiinua kidole, zote zinakwenda."

Fundi Bomba hakugomba. Ingekuwa nafuu angegomba. Akasema tu, "Watu wana harusi ya kwanza na ya pili. Wewe mwenyewe uliwahi kuolewa. Mimi nina hii tu."

Msusi akajifanya anatafuta mkasi.

"Nisamehe, mume wangu," alisema Bi Taipu, na safari hii hakuwa anatania. "Nilitazama sura yangu, sikukutazama wewe."

"Kidole hicho kina muda gani?"

"Karibu saa nzima."

Basi hapo mzee akabadilika. Hii sasa ilikuwa kazi, na kazi aliijua. Akakunja mikono ya shati. "Hili ni bomba lililopasuka, halina tofauti. Niliwahi kuziba bomba la nyumba ya wageni kwa dole gumba saa tatu, maji yakiwa na nguvu za punda. Usilegeze. Nakuja chini yako." Akapenyeza dole gumba lake, nene kama kiazi, pembeni, nusu chini ya kidole cha mkewe. "Nimeshika. Toa chako."

"Sitoi. Nikitoa na wewe hujakaza?"

"Mke wangu, nimeshika mabomba tangu hujafikiria kuolewa na mimi."

"Na mimi nimeshika vitufe tangu hujafikiria kuoa kabisa."

Kwa hiyo vikabaki vyote viwili, dole gumba chini na kidole juu, na wote wawili wamebanana kwenye kiti kimoja.

"Sasa," alisema fundi, "bomba likipasuka huhangaiki na bomba. Unakwenda kufunga mita kuu. Maji yakikosekana, litamwaga nini? Umeme ukikatika, hii mashine itasema ndiyo kwa mdomo gani?"

Hapo ndipo ulipoonekana ujeuri wa umeme. Siku zote ulikuwa unakatika. Unakatika watu wakipiga pasi, unakatika mpira ukiwa dakika za mwisho. Siku ile ulikuwa mwaminifu kama mchumba mpya. Ikabidi wauzime wenyewe, na swichi kuu ya jengo ilikuwa ukumbini, moja kwa studio na saluni.

"Nina mteja chini ya kikaushio," alisema Msusi. "Ana shughuli saa sita. Ameshakauka nusu."

"Nusu ipi?"

"Ya kulia."

"Basi akipigwa picha ageuze upande wa kulia. Zima!"

Msusi akazima. Taa zikafa, feni ikasita, saluni ukasikika ukelele. Lakini skrini haikuzimika. Ndani ya kizimba betri ya akiba ikaamka, ikaanza kulia: tii! Kisha kimya. Kisha tii!

"Inakula akiba," alisema Fundi Bomba. "Itachukua muda gani?"

"Mkwe alisema dakika ishirini."

Wakakaa gizani, nyuso zao buluu kwa mwanga wa lile swali. Tii! Mteja wa saluni akasimama mlangoni, nywele za kulia zimesimama kwa fahari, za kushoto zinachuruzika begani, akauliza ni mwendawazimu gani aliyezima umeme. Msusi akamweleza kwa kunong'ona, naye akaacha hasira, akaomba kiti. Tii! Dakika ya kumi. Dakika ya kumi na mbili Fundi Bomba akakunja uso.

"Mke wangu."

"Nini?"

"Chafya."

"Hapana!"

"Inakuja."

"Imeze!"

"Chafya haimezwi... ha... haa..."

Bi Taipu akatupa mkono wa kushoto, akaibana ile pua kwa nguvu zote za mwanamke aliyewahi kufungua chupa bila kizibuo. Kichwa cha mzee kikatikisika, macho yakajaa machozi, miwani ya kichwani ikaruka hadi mapajani mwa mteja wa saluni. Lakini madole hayakusogea hata kiasi cha unywele.

"Imepita?"

"Imepita kwa masikio."

Tii! ikawa tiiiii ndefu ya kukata roho. Skrini ikapepesa, ikawa nyeusi. Kimya.

"Inueni sasa," alisema Msusi.

Hakuna aliyeinua.

"Inua wewe kwanza," alisema Bi Taipu.

"Mimi niko chini, nitainuaje na wewe uko juu?"

Ndivyo walivyokutwa. Binti aliingia amefunga shavu kwa kitambaa, nyuma yake mumewe na kipanya mfukoni. Walikuwa wamekutana njiani, mume akirudi mbio kutoka mahafali baada ya kuona simu zilizompita. Wakaona giza, wakaona wazee wawili kwenye kiti kimoja wamekandamiza kitufe cha mashine iliyokufa, na mwanamke wa nusu kichwa akiwapepea kwa bahasha.

"Mama," alisema mkwe kwa adabu, "shikamoo. Mnaweza kuinua."

"Marahaba. Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Hata hiyo programu yako huwa inauliza hivyo hivyo," alisema Bi Taipu. Lakini wakainua, wote pamoja, kwa hesabu ya tatu.

Umeme ukawashwa. Kompyuta ikaamka kwa kujivuta, kama mtu aliyelala mchana. Mkwe akachomeka kipanya chake, akafungua, akashuka kwenye orodha, na watu sita wakaacha kupumua. HARUSI YA MAMA. Vitu 1,213.

Mteja wa saluni alipiga vigelegele, na wala hakuwa wa ukoo. Binti akataka kumgombeza mama yake, lakini kwa shavu lile kila alichosema kilitoka kama uji, ikabidi aahirishe.

"Kabla hazijaenda popote, nianze kuziona," alisema Fundi Bomba. "Moja moja."

Wakaziona moja moja. Ya mia tatu na kitu ikawa ile ya kulala. Bi Taipu akafumba macho kungoja kicheko. Kikaja, kikubwa, akakila chote kama dawa. Mumewe alicheka kuliko wote, akapiga paja, akasema udenda ule ungefaa kufungiwa koki.

Wakaendelea. Ya mia nne, ya mia tano. Halafu zikaja tatu mfululizo ambazo hakuna aliyewahi kuzitazama vizuri. Zilikuwa za meza ya keki, wageni wamesimama kwa sala, macho yote yamefumbwa. Ya kwanza, nyuma ya mchungaji, bwana harusi anatia kipande cha keki mfuko wa kulia wa koti. Ya pili, anatia kingine mfuko wa kushoto. Ya tatu, amefumba macho kwa unyenyekevu kuliko watu wote, na kwenye sharubu kuna sukari.

Huyu ndiye mzee ambaye daktari alimkataza sukari mwaka wa pili sasa, na ambaye mkewe alimsifia kanisani kwa kujizuia.

Fundi Bomba akakohoa. Akavua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Mke wangu," alisema polepole. "Kile kitufe... ni kipi vile?"

"Kipi, mume wangu?"

"Kile chetu."

"Kwani si umesema hata moja isiachwe?"

"Nimesema. Lakini nimefikiri. Tufanye hivi: hizi tatu zangu ziende, na ile yako ya kulala iende. Nawe utapumzika."

Bi Taipu akaitazama ofa ile. Ilikuwa ofa nzuri. Ndiyo iliyomtoa nyumbani asubuhi. Akamtazama mzee wake, ameshaanza kunyoosha lile dole gumba kuelekea kwenye vitufe. Kisha akacheka, magego yote na viwanja vyote nje, mbele ya mkwe, mbele ya mwanamke wa nusu kichwa, mbele ya kila mtu.

"Mwanangu," alimwambia binti yake, "zipeleke zote kwa mchapaji, na udenda wangu humo humo. Hizi tatu mwambie azichape kubwa, za ukutani."

"Basi na ile ya kuachama irudi!" alilalamika Fundi Bomba. "Si haki!"

"Ile ilishatangulia," alisema Bi Taipu, akaushika mkono wake kabla haujafika. "Tuiombee."